Kuchambua kitenzi: hiyo "ku" ni ipi?

Wanafunzi wangu, hata waliozaliwa na Kiswahili, wakichambua viambishi wakifika kwenye "ku" wanaandika tu "wakati uliopita" wanasonga mbele, hapo ndo maksi zinapotea na inaniuma manake wangepata. Mi nafundisha hivi.

Hatua ya kwanza, tafuta mzizi. Chukua "hawatatupikia". Kazi inayofanyika ni kupika, basi mzizi ni -pik-, uzungushie duara. Mbele yake kuna ha- ya kukanusha, wa- ya watenda, -ta- ya wakati ujao, -tu- ya watendewa, nyuma -i- ya kutendea na -a ya kumalizia.

Hatua ya pili, ukiona ku usiandike kitu kabla hujaangalia irabu ya mwisho. "Hawakupika" inaisha na -a, kwa hiyo -ku- inakanusha wakati uliopita. "Hawakupikii" inaisha na -i, huo ni ukanushi wa wakati uliopo, na -ku- hapo ni wewe, wewe ndo hupikiwi. Zikikutana unapata "hawakukupikia", ku ya kwanza ni ya wakati, ya pili ni wewe, na hazibadilishani nafasi.

Hatua ya tatu, vitenzi vya silabi moja kama -la na -nywa, hapa tukae kidogo. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, sasa ukisema "alila" ungeangukia -li-, na -li- ya wakati haibebi mkazo, ndo maana tunasema "alikula", ku imeletwa ibebe mkazo basi, maana yake nyingine haina. Hakikisha kwa kuweka mtendwa: "simba alimla mbuzi", ku imeondoka kwa sababu -m- imeshika kazi yake. Na kama aliyeliwa ni wewe? "Simba alikula". Neno lilelile! Hapo huwezi kuchambua bila kujua sentensi nzima inasema nini, na kwa kweli ndo swali ninalolipenda kuliko yote.

Hatua ya nne, tamka kwa sauti. "Simba alikula" sauti ikishuka ni taarifa, ikipanda mwishoni ni swali, viambishi ni vilevile, kilichobadilika ni kiimbo.

Zoezi: hawakula, hawakuli, hawakukula. Anza na irabu ya mwisho.