Jinsi ya kufuatilia asili ya neno la Kiingereza

Nafanya kazi ya kutafsiri, na mara kwa mara hunilazimu kujua neno limetoka wapi kabla sijaamua nilitumieje. Njia ninayoifuata ni hii. Unachohitaji ni intaneti, daftari na moyo wa kutoamini hadithi tamu.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe kwanza, chanzo baadaye. Fungua Etymonline, kamusi ya mtandaoni ya asili za maneno ambayo ni bure, uangalie neno lilianza kuandikwa karne gani na kwa umbo gani. Ukiweza kupata kamusi kubwa ya Oxford kupitia maktaba, bora zaidi. Ilianza kuchapishwa kwa sehemu mwaka 1884 ikakamilika 1928, na kila maana imeambatanishwa na sentensi zenye tarehe. Tarehe huua uzushi mwingi. Kwa mfano, kuna wanaodai *news* ni herufi za kwanza za pande nne za dunia (*north*, *east*, *west*, *south*). Si kweli: ni *new* kwa wingi, basi. Ukiambiwa neno la zamani limetokana na kifupisho, shuku. Mtindo huo ulishamiri karne ya 20.

Hatua ya 2: Uliza nani alikuwa anatawala. Waanglia na Wasaksoni, makabila ya Kijerumaniki, waliingia Uingereza kuanzia karne ya 5, na kwao yametoka maneno ya nyumbani kama *house*, *water*, *mother*. Wamisionari kutoka Roma wakafika 597 na Kilatini cha kanisa. Waviking, mabaharia wa Skandinavia, wakaanza kushambulia mwishoni mwa karne ya 8, kisha wengi wakalowea; hata *they* ni lao.

Lakini penye utajiri ni 1066, William wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, alipoiteka nchi. Mahakama na ikulu vikahamia kwenye Kifaransa. Mwaka 1362 ikapitishwa sheria kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza kwa sababu wananchi hawakuelewa kinachosemwa, ila msamiati ulikuwa umeshaota mizizi: *court*, *judge*, *jail*. Sisi tukayapokea baadaye kama korti, jaji na jela. Kwa hiyo neno likinuka sheria, kodi au jeshi, anza kupekua upande wa Kifaransa.

Hatua ya 3: Pima sauti, usipime sura. Hapa ndipo wengi huteleza. Mwaka 1822 mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm alieleza kwa utaratibu kwamba p ya lugha mama ya kale iligeuka f katika lugha za Kijerumaniki (ukoo wa Kiingereza na Kijerumani), t ikawa th, k ikawa h. Ndiyo maana Kilatini kina *pater*, *tres* na *cornu*, Kiingereza kina *father*, *three* na *horn*. Hayo hayakukopwa kutoka Kilatini. Ni ndugu wa babu mmoja. Kinyume chake, *day* na *dies* ya Kilatini yanafanana sura na maana, lakini hayana undugu: kwa kanuni hiyo hiyo ya Grimm, d ya Kilatini ilipaswa kulingana na t ya Kiingereza, si d.

Kipimo kingine ni sk. Katika Kiingereza cha Kale sauti hiyo iligeuka sh, ilhali Waviking waliibakiza. Kwa hiyo *shirt* ni ya wenyeji, *skirt* ya wageni, na mzizi ni mmoja. Angalia lakini: *school* imepitia Kilatini, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi.

Hatua ya 4: Fuata maana na tahajia. *Nice* ilitokana na Kilatini *nescius*, yaani asiyejua. Ilipoingia Kiingereza ilimaanisha mpumbavu. Herufi b katika *debt* ilichomekwa na wasomi waliotaka ifanane na *debitum* ya Kilatini, wakati Wafaransa walikuwa wanaandika *dette*. Usijenge hoja juu ya herufi isiyotamkwa kabla hujaona maandishi ya zamani.

Hatua ya 5: Andika mnyororo, kiungo kwa kiungo. Mfano: Kigiriki *kathedra* → Kilatini *cathedra* → Kifaransa cha Kale *chaiere* → *chair*. Usiruke kiungo cha katikati. Kosa ninaloliona sana ni kuandika kwamba Kiingereza kilichukua *safari* kutoka Kiarabu. Mzizi ni wa Kiarabu, *safar*, ila Waingereza walilipokea neno katika karne ya 19 kutoka kwa wasemaji wa Kiswahili, na irabu ya mwisho wamekuja nayo kutoka huku. Daftarini, penye lugha iliyokikopesha Kiingereza neno hilo, andika Kiswahili.