SOMO: Kusoma jina la uvimbe wa ubongo kwenye jibu la patholojia

Kila wiki naulizwa hilihili, kwa hiyo naliandika mara moja. Nafuata toleo la 5 la Shirika la Afya Duniani, 2021.

1. Umeanzia wapi? Ulioletwa na damu kutoka titi au pafu hubaki na jina la ulikotoka.

2. Seli gani? Za utando unaofunika ubongo, meningioma. Za glia, zile zinazosaidia neva, glioma.

3. Jeni. Hapa niliteleza. Glioma ya mtu mzima inayopenya ndani ya ubongo hugawanywa kwa jeni ya IDH. Imebadilika, na mkono mfupi wa kromosomu 1 na mrefu wa 19 umepotea: oligodendroglioma. Imebadilika, mikono ipo: astrositoma. Haijabadilika: mara nyingi glioblastoma, iliyo kali zaidi. Nikiwa mafunzoni nilipewa kioo cha hadubini chenye kipande cha uvimbe wa kijana wa miaka 31. Rangi ya IDH, ile inayogeuza seli zenye badiliko kuwa kahawia, haikushika: seli zote buluu, kahawia hakuna hata chembe. Nikaandika glioblastoma. Mwalimu akalirudisha jibu. Rangi ile hunasa badiliko moja tu, R132H, ambalo ni takriban asilimia 90 ya yote. Jeni iliposomwa, badiliko lilikuwepo, la aina nyingine. Ilikuwa astrositoma, na familia ingeambiwa miaka michache kuliko haki yake. Mgonjwa hajafika miaka 55 na rangi imekataa? USIANDIKE glioblastoma mpaka jeni isomwe.

4. Daraja, 1 hadi 4. Hueleza ukali wa uvimbe, si umbali uliosambaa.

MASWALI

Mkwaju: Kwa hiyo daraja la 4 ni kansa iliyoenea mwili mzima?
— Hapana. Soma namba 4.

Mkwaju: Nimesoma haraka tu mkuu.
— Basi soma taratibu. Kuna mtu atakuuliza na utamjibu hivyo.

Nuru: Samahani daktari, jibu la mama mkwe limeishia na NOS. Ndiyo nini?
— Umeuliza vizuri, dada. Vipimo vya jeni havikufanyika, au havikutoa jibu. Ingekuwa NEC, vimefanyika vikakamilika ila majibu hayaingii kwenye aina yoyote. Waulize kama bloku ya nta bado ipo. Kipande kilichohifadhiwa ndani yake hukaa miaka na mara nyingi bado kinapimika.

Fundi Maabara: Niongeze, formalini, dawa ya kuhifadhi kipande, iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kipande. Tunaletewa kwenye salaini, yaani maji ya chumvi, seli zimeshaharibika.
— Kweli kabisa. Na jazeni umri wa mgonjwa kwenye fomu. Bila umri, sitajua lini nisiiamini ile rangi.