Somo: Kupanga krauni na pinioni za difu mpaka meno yakae sawa

Difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, ikipangwa vibaya haifi siku hiyo hiyo. Huanza kwa kuvuma, kisha inakula meno taratibu, na jino likija kukatika, vipande vyake vinasaga kila kilichomo ndani. Somo hili ni la difu ya nyuma yenye meno ya haipoidi, ile ambayo pinioni (gia ndogo inayoleta nguvu) inaingia chini ya kitovu cha krauni (gia kubwa ya duara). Vipimo nitakavyotaja ni vya kawaida kwa magari madogo na pikapu. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, fuata kitabu.

Kabla ya kufungua. Tia alama kofia za beringi za karia (kiini kinachobeba krauni), kushoto na kulia. Zilichongwa zikiwa zimefungwa kwenye nyumba yake, kwa hiyo hazibadilishani. Pima plei ya zamani, yaani nafasi ya kucheza kati ya meno, pima unene wa kila shimu (bati jembamba la kupangia nafasi) unayoitoa, uandike. Hakikisha krauni na pinioni mpya zina namba moja ya pea, kwa sababu zilisagwa pamoja kiwandani. Pea iliyochanganywa haitanyamaza hata uipange vipi.

1. Krauni kwenye karia. Safisha kalio lake (mahali krauni inapokaa kwenye karia), ondoa vinundu kwa tupa laini. Ipashe krauni moto kwenye maji yanayochemka, ikaushe, itaingia yenyewe. Usiivute kwa bolti, itakaa upande. Tumia bolti mpya na gundi ya nyuzi, kaza kwa msalaba.

2. Kina cha pinioni. Anza na unene wa shimu ya zamani, kisha linganisha namba zilizochorwa kwenye vichwa vya pinioni mbili, ya zamani na mpya. Kwa kawaida alama ya kujumlisha inamaanisha pinioni inataka kukaa mbali zaidi na krauni, yaani shimu nyembamba zaidi. Kwa kuwa utaingiza na kutoa beringi mara nyingi, tafuta beringi kuukuu ya aina ile ile, panua tundu lake kwa msasa mpaka iingie kwa mkono. Hiyo ni ya majaribio tu. Kwa sasa usiweke ile bushi nyembamba inayokunjwa na nati. Kaza nati mpaka pinioni izunguke kwa uzito kidogo, bila kuchezacheza.

3. Plei. Funga karia, kaza kofia, simamisha geji ya mshale kwenye ncha ya nje ya jino. Difu nyingi zinataka 0.15 hadi 0.25 mm. Pima sehemu nne kuzunguka krauni. Tofauti ikizidi 0.05 mm, rudi ukague kalio la krauni. Unaposogeza karia kubadilisha plei, unene wa shimu unaoutoa upande mmoja uurudishe upande wa pili, la sivyo utalegeza beringi zake.

4. Alama ya meno. Hapa ndipo kazi ilipo. Geji inakuleta karibu, lakini meno yenyewe ndiyo yanayotoa hukumu. Paka rangi ya kukagulia kwenye meno matatu au manne, sehemu mbili za krauni. Mwenzako aizuie krauni kwa kipande cha mbao huku wewe unazungusha pinioni kwa spana, mbele na nyuma. Bila kizuizi alama haionekani vizuri.

Uso wa jino uliobinuka ndio unaobeba mzigo gari linaposukumwa mbele. Uliobonyea unafanya kazi ukiachia mafuta. Soma kwanza kutoka juu kwenda chini. Alama ikibana kwenye shina la jino, nyuso zote mbili, pinioni imeingia mno: punguza shimu. Ikipanda kwenye ukingo wa juu, pinioni iko mbali: ongeza. Anza na mabadiliko ya 0.10 mm, ukikaribia shuka hadi 0.05. Kila ukigusa shimu ya pinioni, rudisha plei kwanza ndipo usome tena, maana pinioni ikisogea ndani plei inapungua.

Kina kikishakaa, angalia urefu wa jino. Alama ikivutwa ncha ya ndani nyuso zote mbili, ongeza plei. Ikivutwa ncha ya nje, punguza. Kuegemea kidogo ncha ya ndani si kosa, kwa kuwa mzigo ukija alama husogea kuelekea nje. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayegusa viwili hajui kipi kimeleta nini.

5. Kufunga kwa mara ya mwisho. Beringi mpya, bushi mpya ya kukunjwa, sili mpya, nati mpya. Krauni ikiwa nje, kaza nati kidogo kidogo huku ukizungusha pinioni. Kwa beringi mpya zilizopakwa oili, uzito wa kuzungusha uwe takribani 1.5 hadi 3 Nm. Kwa za zamani, karibu nusu yake. Rudisha karia, pima plei na alama mara ya mwisho, kisha jaza oili ya gia ya daraja la GL-5.

Safari ya kwanza iwe fupi na ya upole, kisha acha difu ipoe kabisa. Usivute trela kilomita 800 za mwanzo, halafu mwaga oili hiyo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Nimepitiliza kukaza, pinioni imekuwa nzito. Nilegeze nati kidogo?*

Marahaba kijana. Usilegeze. Bushi ikishakunjika hairudi, na ukilegeza nati beringi zitabaki bila mbano. Fungua, weka bushi nyingine.

*Mkuu, krauni yangu ni ya zamani, nabadilisha beringi tu. Nipange kwa vipimo vya gia mpya?*

Hapana. Meno yaliyokwisha kuzoeana yarudishe kwenye shimu na plei ile ile uliyoikuta. Alama yake haitakuwa nzuri kama ya mpya, usihangaike nayo.

*Naweza kubadilisha uwiano wa difu ya nyuma pekee kwenye gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne?*

Usifanye. Nyuma ikiwa 41 kwa 10 na mbele 37 kwa 10, ukiunganisha magurudumu yote kwenye lami, gia zinapigana mpaka kitu kivunjike. Badilisha zote mbili.

*Difu inavuma nikiachia mafuta tu, nikikanyaga iko kimya.*

Uso uliobonyea haujakaa vizuri, au nati ya pinioni imelegea na beringi zimepoteza mbano. Shika flanji ya pinioni uisukume na kuivuta. Ikicheza mbele na nyuma, anzia kwenye beringi kabla ya kugusa shimu.