Jinsi ya Kuchagua na Kufunga Mita ya Mwendo kwenye Baiskeli

Mita ya mwendo, ambayo wauzaji wengine huiita kompyuta ya baiskeli, hufanya kazi moja tu: huhesabu mizunguko ya gurudumu la mbele. Sumaku ndogo hufungwa kwenye spoki na kihisi hufungwa kwenye uma, na ndani ya kihisi hicho mna vibanzi viwili vya chuma, vilivyofungiwa katika kijibomba cha kioo, ambavyo hugusana kila sumaku inapopita na kuachana inapokwenda zake. Kila mgusano ni mzunguko mmoja, nao huzidishwa kwa mzingo wa gurudumu ili kupata umbali, kisha umbali hugawanywa kwa muda ili kupata kasi. Usahihi wa mita, basi, hautokani na bei yake bali na namba ya mzingo ambayo mwenye baiskeli ameiingiza, na mita ya bei nafuu iliyopangwa vizuri huishinda ya ghali iliyoachwa na namba iliyotoka nayo kiwandani.

Kwa matumizi ya kawaida ya kwenda kazini, sokoni au safari za mwisho wa juma, mita inayoonyesha kasi, umbali wa safari, jumla ya kilomita na saa inatosha kabisa. Kasi ya wastani ni nyongeza yenye manufaa. Kipengele cha kalori hakistahili kuongezewa hata shilingi moja, kwa sababu mita nyingi za msingi hukisia kalori kwa kutazama kasi pekee, bila kujua mlima, upepo wa mbisho wala gunia la mkaa lililo kwenye keria. Jambo la kuulizia dukani ni kama namba ya mzingo huingizwa kwa milimita, kwa maana zipo mita zinazokubali kuchagua tu kutoka orodha fupi ya ukubwa wa matairi, na orodha hizo hazikutungwa kwa kuzifikiria baiskeli zetu.

Kati ya mita ya waya na isiyo na waya, mimi ningemshauri anayeanza achukue ya waya. Ni nafuu zaidi, hutumia betri moja badala ya mbili, na haichanganywi na mawimbi ya mita ya mwenzako mnapoendesha bega kwa bega, kama inavyoweza kutokea kwa zile rahisi zisizo na waya. Udhaifu wake ni waya wenyewe, ambao hukatika kwa urahisi baiskeli inapobanwa na nyingine au inapopandishwa juu ya basi. Ukichagua isiyo na waya, soma kwenye maelezo umbali wa mwisho unaoruhusiwa kati ya kihisi na kioo, yaani sehemu inayoonyesha namba, ambao kwa nyingi ni sentimita 60 hadi 70, halafu upime baiskeli yako kabla ya kulipa. Pendelea pia inayotumia betri ya CR2032, ambayo hupatikana kirahisi kwa kuwa hutumika pia katika kompyuta na funguo nyingi za magari.

Kazi ya kufunga huanzia kwenye uma. Chagua mguu wa uma usio na dainamo, uufute vumbi na mafuta, weka kipande cha mpira chini ya kihisi ili kisiteleze, kisha kibane kwa vikanda vya plastiki bila kuvikaza hadi mwisho. Funga sumaku kwenye spoki iliyo upande huohuo na uzungushe gurudumu taratibu mpaka sumaku ipite mbele ya alama iliyochorwa kwenye kihisi. Nafasi kati yao isizidi milimita 5, wala visigusane. Iwapo nafasi ni kubwa mno, sogeza vyote viwili kuelekea kwenye ekseli, kwani spoki hutanuka kuelekea nje kadiri zinavyoikaribia habu, yaani kitovu cha gurudumu, na hivyo kuukaribia uma. Kusogeza huko hakuharibu hesabu hata kidogo, kwa kuwa mzunguko ni mmoja, sumaku iwe juu au chini. Ukisharidhika, kaza vikanda kwa nguvu na ukate ncha zake, maana kihisi kinacholegea kinaweza kugeuka na kuingia kwenye spoki wakati baiskeli ikiwa katika mwendo.

Waya hupandishwa kutoka kwenye kihisi hadi kwenye usukani. Kwenye baiskeli yenye breki za kamba, uzungushe kidogo kidogo juu ya kamba ya breki ya mbele. Baiskeli nyeusi za mizigo, kama Phoenix, aghalabu hutumia breki za fito, na hapo tahadhari inahitajika: fito hupanda na kushuka kila breki inapokamatwa, hivyo waya ukifungwa juu yake utakatika baada ya muda. Ufunge kwenye uma wenyewe na shingo ya fremu, ukiacha kitanzi kilicholegea pale usukani unapogeukia, kisha ugeuze usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, uone kama waya unavutwa. Kitako cha kioo hukaa mahali popote kwenye usukani ambapo mkono hausumbuliwi.

Sasa namba. Baiskeli ya mizigo ya inchi 28 kwa kawaida hubeba tairi lililoandikwa ubavuni 28 x 1½ au 40-635 (unene wa tairi na kipenyo cha ringi kwa milimita), ilhali inchi 28 ya kwenye vijitabu vingi vya mita huwa ni ya ringi ya 622, ambayo ni ndogo zaidi. Vivyo hivyo, baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani zina inchi 26 x 1⅜, yenye ringi ya 590, ambayo si sawa na inchi 26 ya baiskeli za milimani, yenye ringi ya 559. Kwa hiyo usiziamini inchi, pima mwenyewe. Jaza upepo wa kawaida, tafuta sakafu iliyonyooka, weka vali ya gurudumu la mbele chini kabisa na uchore alama ya chaki sakafuni. Ukiwa umekaa juu ya baiskeli huku mtu mwingine akiishika, kwa kuwa uzito hulibonyeza tairi, songa mbele mizunguko mitatu kamili, uchore alama ya pili, upime kwa tepu na kugawanya kwa tatu. Mita 6.66 hukupa milimita 2220. Ukiacha namba ya kiwandani ya, tuseme, 2060 kwenye gurudumu hilo, kilomita 100 zitasomeka kama 93 hivi.

Kabla ya kuingiza namba uliyoipima, chagua kilomita badala ya maili. Inua gurudumu la mbele na ulizungushe. Kioo kisipoonyesha kasi, sogeza sumaku karibu zaidi au safisha viguso vya shaba vilivyo kwenye kitako.

Anayetaka uhakika zaidi aendeshe bila kuyumba kati ya vibao vya kilomita vya barabara kuu, kwa umbali wa kilomita 5 au zaidi. Kioo kikionyesha 4.97 badala ya 5, zidisha 2220 kwa 5, ugawanye kwa 4.97, na uingize 2233. Rudia kipimo unapobadilisha tairi la mbele kwa la unene mwingine. Namba hiyo na jumla ya kilomita ziandike kwenye karatasi kabla ya kutoa betri, kwa sababu mita nyingi za bei nafuu husahau vyote viwili betri inapotoka.