SOMO: Pochi moja ya kripto, mitandao mingi. Namna ya kuichagua na kuitumia bila kupoteza dola zako hapa Goma

Wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja: "Mwalimu, nipakue pochi gani?" Wote watatu wana biashara, wawili Birere na mmoja soko la Virunga, na wote wameambiwa na muuzaji wa ng'ambo kwamba anataka kulipwa kwa USDT, yaani kripto ambayo moja yake imekusudiwa kuwa sawa na dola moja. Tangu benki zifunge milango mjini Januari 2025, maswali haya yamekuwa mengi, na naelewa kwa nini. Lakini swali la pochi gani ni la pili. La kwanza ni hili: siku utakapokimbia nyumba usiku, maneno yako 12 yatakuwa wapi? Nitalirudia huko chini, maana ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Kwanza tuelewane. Pochi ya kripto, yaani programu ya simu ya kutumia pesa za kidijitali, haina sarafu ndani yake. Sarafu ziko kwenye blokicheni, daftari la wazi ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi duniani. Pochi inakutunzia funguo tu, yaani namba za siri zinazoidhinisha malipo, na funguo zote zinazaliwa na yale maneno 12 au 24 unayopewa siku ya kwanza. Simu ikivunjika, maneno yakiwepo, pesa ipo. Simu ikiwepo na maneno yakiwa mikononi mwa mtu mwingine, hesabu pesa imekwenda.

HATUA YA 1: Jua mtandao kabla ya pochi

Muulize unayemlipa: "Unapokea kwa mtandao gani?" USDT ni jina moja, lakini inaishi kwenye Ethereum, Tron, BNB Smart Chain, Solana na kwingineko. Ni kama dola iliyo Airtel Money na dola iliyo M-Pesa: zote dola, ila kila moja ina njia yake. Wafanyabiashara wengi ninaowajua hapa wanatumia Tron, ile inayoandikwa TRC-20.

Jifunze kutambua anwani kwa macho. Ya Tron huanza na T, na ina herufi na tarakimu 34. Ya Bitcoin huanza na 1, 3 au bc1. Ya Ethereum huanza na 0x, na BNB Smart Chain na Polygon zina anwani za sura hiyohiyo, hapo ndipo watu wengi wanapochanganya.

Kama unachotaka ni Bitcoin peke yake, usichukue pochi ya mitandao mingi. Chukua ya Bitcoin tu, BlueWallet kwa mfano. Kila mtandao unaoongeza ni mlango mwingine wa kuchunga.

HATUA YA 2: Chagua, kisha pakua mahali panapostahili

Trust Wallet na Exodus zina Tron, Bitcoin na Ethereum pamoja. MetaMask ilizaliwa upande wa Ethereum na Phantom upande wa Solana, kisha zikapanuka. Hakikisha mtandao wako umo kabla ya kutumia mega zako kupakua.

Mimi naangalia mambo mawili. Je, maneno ninayapewa mimi peke yangu? Je, pochi ina miaka kadhaa mikononi mwa watu na msimbo wake wa programu umekaguliwa na watu wa nje? Ukongwe si ulinzi kamili, lakini pochi changa inakufanya wewe uwe wa kujaribiwa. Agosti 2022, watumiaji wa pochi ya Slope kwenye Solana walikuta salio limefagiliwa. Ilikuja kuonekana kwamba programu yenyewe ilikuwa ikituma maneno ya siri kwenye seva ya kumbukumbu, bila kufichwa. Wale watu hawakuwa wamekosea kitu chochote.

Sasa kupakua. Najua hapa tumezoea kurushiana programu kwa Bluetooth ili kuokoa mega. Kwa michezo, sawa. Kwa pochi, hapana, hata kama anayekurushia ni ndugu wa damu, kwa sababu naye hajui faili lake lilitoka wapi. Andika mwenyewe anwani ya tovuti rasmi ya pochi, bonyeza kiungo kinachokupeleka duka la programu, pakua hapo. Usitafute jina kwenye duka na kuchukua la kwanza linalotokea. Na kama simu umeinunua ikiwa imekwisha kutumika, ifute kabisa irudi kama ilivyotoka kiwandani kabla ya yote.

HATUA YA 3: Maneno 12

Hapa nitakaa.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, dada yangu mkubwa alikuwa anakaa Buhene. Maneno yake alikuwa ameyaandika vizuri kabisa, ukurasa wa mwisho wa daftari la shule, na daftari liko chini ya nguo sandukuni. Alimfunga mtoto mgongoni, akashika simu mkononi, akakimbia kuelekea mpaka wa Gisenyi. Kwenye msongamano ule simu ikaanguka, haikuonekana tena. Asubuhi nyumba ilikuwa chini ya mwamba mweusi unaofuka moshi, na daftari humo humo. Zilikuwa dola 340. Anwani yake ninayo hadi leo, kwa sababu ni mimi niliyemtumia mara ya mwisho. Nikiifungua naziona zote 340, hazijapungua hata senti. Hakuna mtu duniani anayeweza kuzigusa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa peke yako, weka simu katika hali ya ndege, andika maneno kwa kalamu, kwa mpangilio wake, na namba 1 hadi 12 pembeni. Usiyapige picha. Februari 2025 wachunguzi wa Kaspersky walieleza juu ya kirusi walichokiita SparkCat, kilichokutwa ndani ya programu za maduka yote mawili, la Google na la Apple. Kilikuwa kinasoma picha zilizo kwenye simu kikitafuta maneno haya haya. Usiyatume WhatsApp, hata kwako mwenyewe.

Halafu yahamishie kwenye chuma. Mafundi wa kuchomelea wana vipande vya chuma kisichoshika kutu, na seti ya herufi za kugongea kwa nyundo unaweza kuazima. Si lazima ugonge neno zima: orodha ambamo pochi huchagua maneno ina maneno 2,048, na herufi nne za mwanzo zinatosha kulitenga kila neno na mengine yote. Kwa maneno 12 hazizidi herufi 48, kazi ya jioni moja. Gonga mwenyewe, usimpe fundi karatasi. Chuma hicho kinayeyuka kwenye nyuzi joto 1,400 hivi, moto wa nyumba haukifuti.

Ila hakuna atakayekuchimbulia kibati chini ya lava iliyoganda. Ndiyo maana kimoja hakitoshi. Changu kimoja kiko hapa Goma, kingine kiko Bukavu kwa mama, ndani ya bahasha niliyoishona kwa uzi ili nijue ikifunguliwa. Na usitembee na maneno mwilini, wala barabarani, wala mpakani.

HATUA YA 4: Jaribu kupoteza kabla hujapoteza

Watu wengi wanairuka hatua hii. Ingiza dola mbili tu. Kisha futa programu kwenye simu, ipakue upya, chagua kurejesha, andika maneno kutoka kwenye kibati, si kutoka kichwani. Dola mbili zikirudi, umepona. Zisiporudi, umegundua kosa kwa bei ya dola mbili.

Jambo la kujua: pochi mbili tofauti zinaweza kupewa maneno yaleyale zikakuonyesha anwani tofauti, kwa sababu kila moja ina njia yake ya kuzaa funguo. Ukiona sufuri usizimie, rudi kwenye programu ileile ya mwanzo. Andika jina la programu kando ya maneno.

HATUA YA 5: Kupokea na kutuma

Kila mtandao unadai ada kwa sarafu yake. Unaweza kuwa na USDT 500 kwenye Tron na usiweze kutuma hata moja kwa sababu huna TRX, sarafu ya Tron yenyewe. Mimi huacha TRX 30 zikae humo, sizigusi. Na usishangae ada ikiwa karibu mara mbili ya jana: kutuma USDT kwenye anwani ambayo haina USDT hata kidogo kunakula nguvu (kazi ya mtandao inayolipiwa ada) mara mbili hivi ya kawaida kwenye Tron.

Kabla ya kutuma nyingi, tuma kidogo, mpigie simu mpokeaji, asome mwenyewe kilichoingia. Halafu, usinakili anwani kutoka kwenye historia ya malipo. Wezi wanatengeneza anwani inayofanana na ya rafiki yako mwanzoni na mwishoni, wanakutumia sufuri au senti chache ili ikae kwenye orodha yako, wanasubiri ukosee. Mei 2024 mtu mmoja alituma hivyo WBTC, tokeni inayowakilisha Bitcoin kwenye Ethereum, ya thamani ya dola milioni 68 hivi. Alibahatika, baada ya mazungumzo sehemu kubwa ikarudishwa. Wewe na mimi hatutarudishiwa. Soma na herufi za katikati.

Ukiunganisha pochi na tovuti ikakuomba idhini ya kutumia USDT yako, soma kiasi. Idhini isiyo na kikomo inabaki hai hata ukifunga tovuti, mpaka uifute mwenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Katindo: Nimetuma USDT kwenye anwani ya 0x ya mteja wangu, lakini nilichagua BNB Smart Chain badala ya Ethereum. Anasema hajaona kitu.

Pole dada. Kama anwani ile ni ya pochi yake mwenyewe yenye maneno, pesa iko salama: awashe BNB Smart Chain kwenye pochi yake, ataiona, kisha atahitaji BNB kidogo ya ada ili aihamishe. Kama ni anwani ya soko la kubadilishia, yaani kampuni ya mtandaoni inayouza na kukutunzia kripto, awaandikie wao. Wakati mwingine wanarudisha, wakati mwingine hapana.

Kijana wa Ndosho: Mwalimu, kuna mtu kaweka maneno yake 12 kwenye kundi la Telegram akiomba msaada. Nimeyaingiza, nimekuta USDT zaidi ya 2,000, inakosa TRX tu. Niweke TRX nizitoe?

Usiweke hata moja. Huo ni mtego. Kwenye Tron mwenye akaunti anaweza kubadili ruhusa ili sahihi ya funguo nyingine ndiyo itakiwe. Maneno unayo, saini huna. Kila anayeleta TRX ya ada anamlipa mwizi. Na mdogo wangu, zile pesa ulidhani ni za mtu anayeomba msaada.

Papa mmoja wa Himbi: Kwa nini nisiziache kwenye soko la kubadilishia? Maneno haya yananichosha.

Papa, kwa siku mbili unaponunua na kulipa, sawa. Kwa akiba, kumbuka soko la FTX: Novemba 2022 iliomba ulinzi wa kufilisika huku wateja wakiwa wamefungiwa nje ya pesa zao. Lakini nikuambie na upande wa pili: hata ndani ya pochi yako, kampuni ya Tether inayotoa USDT ina uwezo wa kuzuia USDT kwenye anwani yoyote. Bitcoin haina mtu wa namna hiyo.

Dada wa Katindo tena: Nigawe maneno, sita kwangu na sita kwa dada yangu?

Hapana. Nusu moja ikipotea, yote yamepotea, kwa hiyo umejiongezea njia za kupoteza. Nakala mbili kamili, mahali pawili, kwa watu unaowaamini.

Mama muuza vitenge, Birere: Nikifa, watoto watajuaje?

Mama, asante kwa swali hili. Kumwambia mtoto mkubwa mahali kibati kilipo hakutoshi, atakishika asijue ni kitu gani. Jumapili moja mkalishe kando yako na simu nyingine tupu, arejeshe pochi yenye dola mbili yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, wewe ukimtazama bila kumsaidia. Akishindwa, rudieni Jumapili ijayo. Akiweza, mwachie hizo dola mbili.