Kutoka Lindi hadi treni za mvuke za Nairobi, kwa kiti mwendo na gari la kulala

Sisi wa kusini reli yetu tumeisikia kwa wazee tu. Ilijengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, mradi ukafa 1951, reli ikafungwa 1962, vyuma vikang'olewa. Ukitaka kuigusa treni ya mvuke, nakushauri uende makumbusho ya reli ya Nairobi, karibu na stesheni ya zamani. Mimi natembelea kiti mwendo, na husafiri kwa Hiace tuliyoitoa viti vya nyuma tukaweka kitanda, jiko la gesi na madumu ya maji. Dereva ni mpwa wangu.

Anza na njia ya kupandia garini. Fundi wa kuchomelea atakwambia ubao wowote unatosha. Hautoshi. Ili upande mwenyewe bila kusukumwa, kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Sakafu ya gari ikiwa sentimita 60 kutoka chini, hiyo ni zaidi ya mita 7, na hakuna Hiace ya kubeba kitu hicho. Kwa hiyo chukua chaneli mbili za chuma za mita 2 na nusu, zenye upana wa kupitisha tairi, ukubali kusukumwa. Kushuka, shuka kinyumenyume, msukumaji awe chini yako, na asivae kandambili.

Njia ni Dar, Chalinze, Segera, Moshi, Arusha, Namanga. Usiende masika. Mwaka 2024 mafuriko yaliikata barabara ya Lindi na Dar, na hata ukifika salama, ardhi ikilowa magurudumu madogo ya mbele ya kiti yanazama. Njiani jiinue kwa mikono kila nusu saa, vidonda vya makalio havipigi hodi. Usiku tunaegesha ndani ya uzio wa gesti na kulipia choo na maji. Kabla sijatoa hela naitoa futi nipime mlango wa choo. Kiti changu kina upana wa sentimita 64, na wahudumu wote, kwa moyo mwema kabisa, husema "utapita tu".

Mpakani uwe na pasipoti, kadi ya gari na kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvukia mpaka. Gari likiwa la mtu mwingine, beba barua yake ya ruhusa.

Makumbusho fika asubuhi. Vitu vya ndani ya jengo usivikawilie, utamu uko nje kwenye injini. Huko adui ni reli zenyewe. Usiivuke kwa mshazari, gurudumu dogo litanasa. Elekea reli moja kwa moja, msukumaji akulaze nyuma kidogo hadi ya mbele yainuke, au akuvute kinyumenyume. Kati ya vyuma viwili pana mita 1 kamili na kiti kinaenea, ila usishawishike kupita humo, mataruma yatakugonganisha meno.

Wenye miguu hukimbilia kibanda cha dereva. Waache wapande. Sisi tunaoketi macho yetu yapo usawa wa mitambo. Nenda kwenye namba 5918, Mount Gelai, jina la mlima wa kwetu Tanzania. Ni mojawapo ya injini 34 zilizoundwa Manchester kuanzia 1955, tani 252 juu ya reli nyembamba ya mita 1. Pita ubavuni polepole. Boila limening'inia katikati, na limebebwa na seti mbili za magurudumu, moja mbele, moja nyuma, kila moja na silinda zake. Seti hizo hugeuka kila moja kivyake, ndiyo maana dude refu namna ile liliweza kukata kona za kutoka Mombasa. Kama miguu yako haina hisia, mchana usiegemeze magoti kwenye chuma. Kinaunguza, na utajua jioni ukivua suruali.

Lipo pia behewa ambamo simba alimtoa ofisa wa polisi Charles Ryall pale stesheni ya Kima, Kenya, mwaka 1900, alipopitiwa na usingizi akimvizia simba huyohuyo. Mpe mwenzako simu achukue video ya ndani, na aanzie dirishani, ndiko simba alikotokea naye.

Kurudi, ondokeni kabla ya saa tisa alasiri. Njia ya Namanga huanzia barabara ya Mombasa, na foleni ya pale ikikukamata utafika mpakani usiku na kibofu kimejaa.