Gofu: tuliza kichwa kabla ya kunyanyua fimbo

Nilianza gofu hapa Tanga na fimbo moja tu, namba 7 (ya chuma, ya umbali wa kati). Nawe anza hivyo. Sheria inaruhusu fimbo 14 mkobani, lakini kwa anayejifunza zinachanganya bure.

Ishike kwa vidole, mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Kwa shoto, kinyume chake. Usiibane, ishike kama umebeba kifaranga. Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo. Hakikisha hakuna mtoto karibu.

Kazi kubwa ni kichwani. Mpira umetulia, haukukimbii, kwa hiyo mawazo yanapata nafasi ya kuzurura. Asubuhi moja uani kwetu Chumbageni nilikuwa nawaza deni la dukani; fimbo ikachimba udongo, mpira haukutikisika. Niliumia moyo kweli. Tangu hapo nina utaratibu: nasimama nyuma ya mpira, natazama ninakotaka uende, nachagua jani moja kavu kwenye mstari huo. Navuta pumzi, naitoa polepole. Nikishasogea, macho yanaganda kwenye kidoa kimoja cha mpira mpaka fimbo ipite. Wazo likiingia katikati, narudi nyuma, naanza upya, hata mara nne.

Jioni laza kopo la maziwa ya unga sakafuni (shimo halisi lina upana wa milimita 108), rudi hatua tatu, sukuma mipira kumi. Kabla ya kila mmoja, pumzi ileile.